Kibali si Nyumba

Yapo mawazo miongoni mwa baadhi ya watendaji kwamba halmashauri inayotoa vibali vingi vya ujenzi ndiyo inayopunguza tatizo la wasio na makazi. Mawazo hayo tunayapinga. Kibali hakijengi; humruhusu tu mwenye uwezo ajenge.

Historia yetu yatosha kutufundisha. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya Magomeni na kujenga nyumba bora mahali pale pale. Ubora uliongezeka, lakini uhaba haukwisha. Miaka ya 1970 Serikali ikabadili njia: kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapeleka maji na barabara ili mwananchi ajijengee. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Lakini masharti ya ujenzi na ya mikopo yalidai kipato cha uhakika, na baadhi ya viwanja vilivyokusudiwa wanyonge vikaangukia kwa wenye uwezo. Mnyonge akaendelea kujenga Manzese bila kibali.

Leseni za makazi zilizoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 zilimtambua mjenzi huyo. Mpangaji wa chumba kimoja hazikumgusa.

Sharti lisilolingana na kipato cha mfanyakazi ni ukuta wa kitabaka, hata likiitwa utaalamu. Kwa hiyo halmashauri isipimwe kwa wingi wa mihuri. Ipimwe kwa idadi ya familia za kipato cha chini zilizopata nyumba.