Barabara ya Maswa–Bariadi kwenye kisu cha Cantor

Kutoka Maswa mjini hadi Bariadi ni takribani kilomita 50 za lami. Tuifanye barabara hiyo mstari mnyoofu: Maswa ni 0, Bariadi ni 1. Sasa tufuate kazi aliyoichapisha Georg Cantor, mwanahisabati wa Ujerumani, mwaka 1883. Gawa mstari sehemu tatu sawasawa, ondoa theluthi ya katikati, ila ncha zake ziache. Vipande viwili vilivyobaki navyo vifanyie hivyo hivyo, kisha vinne, kisha vinane, bila kukoma.

Raundi ya 10 ikiisha kuna vipande 1,024, kila kimoja karibu sentimita 85. Vyote pamoja havifiki mita 870. Raundi ya 20 zinabaki mita 15 tu. Ukijumlisha vilivyoondolewa, 1/3 + 2/9 + 4/27 na kuendelea, unapata 1 kamili. Kilomita zote 50 zimekwisha.

Kimebaki nini? Wengi hujibu haraka kwamba ni zile ncha. Zipo kweli, lakini ncha unaweza kuzipanga foleni na kuzihesabu moja moja. Utamu wenyewe uko kwingine. Chukua nukta iliyo kilomita 12.5 kutoka Maswa, yaani robo ya safari. Raundi ya kwanza inaiacha kwenye kipande cha kushoto, na ndani ya kipande hicho imekaa kwenye robo tatu. Raundi ya pili inaiacha kulia, na humo imekaa tena kwenye robo. Inaendelea hivyo daima: kisu hakiifikii, wala yenyewe si ncha ya kipande chochote.

Kila nukta iliyosalia ina anwani: andika 0 inapobaki kushoto, 2 inapobaki kulia. Anwani ya robo ni 020202… Badilisha kila 2 iwe 1, kisha tanguliza “0.” na usome mfuatano huo kama namba za kompyuta, za 0 na 1. Kwa njia hiyo utapata kila namba iliyopo kati ya 0 na 1. Basi nukta zilizosalia ni nyingi sawa na za barabara nzima, ingawa urefu wake wote ni sifuri.

Mwanahisabati Henry Smith alikuwa ameshazigusa seti za aina hii katika miaka ya 1870, naye anastahili kutajwa zaidi. Kwa seti nyingine ya aina hiyo, kata kwa upole: ondoa 1/4 ya barabara katikati, halafu 1/16 ya barabara nzima katikati ya kila kipande kilichobaki, halafu 1/64, na kuendelea hivyo. Jumla inayoondoka ni nusu. Kilomita 25 zinabaki, na humo hupati hata milimita moja isiyo na pengo.