Tumbo la Nondo Halipigwi Picha

Taa ya kuvutia nondo huko Ganze, Kilifi, iliwekwa vizuri kando ya mahindi, shuka lilivutwa sawasawa, na saa ziliandikwa. Kazi iliharibiwa na uamuzi mmoja: nondo yule wa rangi ya majani makavu alipigwa picha kwa simu, akaandikwa Chilo partellus, akaachiliwa.

Mliokuwepo mliliona bawa lake. Magamba yamepukutika, pindo limenyonyoka. Kwa bawa la namna hiyo, nani anaweza kumtenga partellus na orichalcociliellus? Nondo huuawa, tumbo likakatwa na kupashwa moto katika mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi mpaka nyama zilainike, kisha viungo vya uzazi vikasafishwa na kutazamwa kwa hadubini. Basi. Kumwachilia ni kutupa ushahidi wote, tena ni kumrudishia mkulima bungua wake, mtoboa mabua, shambani.

Eti Chilo wote wa pwani ni partellus! Hoja hii imenichosha miaka mingi. Partellus ni mgeni kutoka Asia. Afrika alionekana kwanza Malawi miaka ya 1930, na pwani ya Kenya alifika miaka ya 1950. Mwenyeji ni orichalcociliellus. Mgeni hukua upesi zaidi, ndiyo maana amemsukuma mwenzake kando kwenye mahindi na mtama. Lakini mwenyeji hukamilisha makuzi yake ndani ya baadhi ya nyasi za porini ambamo mgeni hushindwa, na taa ile ilisimama hatua chache tu kutoka kwenye nyasi. Hapo ndipo pa kumtafuta, na hapo ndipo alipoandikwa mgeni kwa kukisia.

Mathez, katika utafiti wake wa mwaka 1972 kuhusu bungua wa mahindi Mkoa wa Pwani, aliwachambua spishi kwa spishi: partellus, orichalcociliellus, Sesamia calamistis. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilipomwachia pwani nyigu Cotesia flavipes, adui wa bungua, kutoka Pakistani mwaka 1993, kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizofanya kazi ya nyigu ipimike. Leo tuna simu, na tunaandika kwa uvivu kuliko watafiti wale.

Halafu lebo: “Kilifi.” Kilifi ipi, Bamba au Mtwapa?

Rekodi ile ifutwe. Iandikwe: Chilo, spishi haijatambuliwa, Ganze, kwenye taa, kando ya nyasi.