Sifa za Mizani ya Umeme na Moto

Katika kazi zote ambazo binadamu amezibuni ili kuutiisha moto na maji, sijaona iliyo na hadhi kubwa na sifa haba kama ile ya kuulinganisha umeme na kulikadiria joto. Kwa kuwa fundi aliyeifanya vyema haachi alama ya kutazamwa, ila taa inayowaka bila ya kupepesa na mota inayozunguka bila ya kunguruma.

Jinja, nchini Uganda, ndiko kwenye chuo cha kazi hiyo. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo twaliita Nalubaale, na mitambo yake 10, iliyofungwa mmoja baada ya mmoja katika miaka iliyofuata, ilikadiriwa megawati 15 kila mmoja, kisha megawati 18 baada ya kukarabatiwa. Aghalabu watu husifu ukuta wa saruji na wingi wa maji ya Nile. Mimi husifu kile kilichositirika ndani ya jenereta, yaani koili za shaba zilizopangwa mafungu matatu, kila fungu likitengana na mwenziwe kwa theluthi ya mzunguko mmoja wa umeme, hata sumaku inapozunguka umeme hufikia kilele chake katika fungu la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, na zamu hizo hurudiwa mara 50 kwa kila sekunde. Ni mfano wa wanawake watatu watwangao katika kinu kimoja: mchi huu ukipanda ule washuka, wala pigo halikatiki. Mafungu hayo matatu, yaani fezi, yakibeba mzigo sawa, jumla ya nguvu haipandi wala haishuki, na mikondo yake inapokutana huondoana ikawa sifuri, hata waya wa nyutro, ule wa kuurudisha mkondo, ukabaki hauna la kubeba. Hikima hii ilidhihirishwa mbele ya ulimwengu mwaka 1891, umeme wa fezi tatu uliposafirishwa kilomita 175 hivi kutoka Lauffen hadi Frankfurt, nchini Ujerumani.

Moto nao una insafu yake, tena kali kuliko ya maji. Tabo nzuri ya maji huweza kugeuza kiasi cha sehemu 90 kwa mia za nguvu ya maporomoko kuwa mzunguko. Lakini Sadi Carnot, mhandisi Mfaransa, alibainisha mwaka 1824 kwamba injini ya joto, hata ikiundwa kwa ustadi gani, imewekewa mpaka na tofauti iliyopo baina ya joto linaloingia na joto linalotoka. Mvuke wa nyuzi 500 za Selsiasi, ukitupwa kwenye ubaridi wa nyuzi 40, hauwezi kamwe kutoa kazi inayozidi sehemu 60 kwa mia, na mitambo halisi haifiki hapo. Sehemu iliyobaki ni ada ambayo maumbile huidai, na hapana hila ya kuikwepa.

Hapana hila, lakini ipo adabu. Pale Kakira, safari fupi mashariki ya Jinja, katika kiwanda cha sukari kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, makapi ya miwa hutiwa katika boila, mvuke wake mkali ukaizungusha tabo na kuzalisha umeme, na mvuke huo huo, ukiisha kupungua nguvu, ukapelekwa kuyachemsha maji ya miwa hata yakawa sukari. Umeme wa ziada huuzwa kwenye gridi ya taifa. Joto ambalo kwingineko lingetupwa mtoni au hewani, hapa linatumika mara ya pili. Kwa maoni yangu huo ndio uzuri uliokamilika katika fani hii.

Lakini heshima yangu kubwa naiweka Mbale, chini ya magenge ya Wanale, juu ya nguzo ya mtaani. Nyumba ya kawaida huungwa fezi moja tu, na fundi ndiye anayeamua ni ipi katika zile tatu. Lau ataufuata wepesi, akaziunga nyumba zote kwenye waya ulio karibu na ngazi yake, mkondo wote utarudi kwa nyutro, na joto linalopotea katika nyaya zenye unene mmoja litakuwa mara 6 ya lile ambalo lingepotea kama mzigo uo huo ungegawanywa sawasawa kwa fezi tatu, kwani upotevu hukua kwa mraba wa mkondo. Transfoma itapata homa upande mmoja, na mwenye nyumba ya mwisho wa mtaa ataona taa yake imefifia asijue kisa. Hakuna ramani ya mhandisi wa makao makuu itakayouponya mtaa huo. Utaponywa na yule aliyesimama nguzoni, akahesabu, akahamisha nyumba hii huku na ile kule.

Enyi mnaoshika madaraka ya umeme huko Jinja na Mbale, mpeni fundi huyo kipimo cha mkondo kilicho sahihi, na wasaa wa kuirudia nguzo yake baada ya magharibi, pasi zikiwa moto na taa zote zimewashwa, maana mchana mzigo wa nyumba haujidhihirishi.