Nafasi kwenye chati haiuzwi

Wapenzi wa redio za melini, zile zilizotangaza kutoka baharini nje ya Uingereza miaka ya 1960, wataendelea kubishana nani alikuwa dijei mkali zaidi, Kenny Everett au Johnnie Walker, na meli ipi ilisikika mbali zaidi usiku. Mimi leo nina neno na Radio Caroline peke yake, na neno lenyewe ni uamuzi mmoja. Philip Solomon alipoingia kwenye uongozi wa kituo hicho mwaka 1966, Caroline ilianza kupokea fedha ili wimbo upigwe. Solomon alikosea. Alikosea kibiashara, alikosea kimuziki, na aliwakosea wasikilizaji waliokuwa wamekiamini kituo hicho tangu Pasaka ya 1964.

Ili kosa lake lieleweke, chati ya melini isichanganywe na chati ya magazetini. Ya magazetini ilihesabu mauzo. Percy Dickins wa New Musical Express (NME) aliianza Novemba 1952 kwa kupiga simu madukani, maduka kama 20 hivi, akiuliza ni santuri zipi zimetoka, kisha akajumlisha. Ilikuwa na kasoro zake. Sisi tunaokumbuka kwamba Februari 1963 "Please Please Me" ilikuwa namba moja NME na Melody Maker, huku Record Retailer ikiiweka ya pili, hatujasamehe mpaka leo, hasa kwa kuwa vitabu vya rekodi vimeamua kuifuata hiyo hiyo Record Retailer. Lakini kwa vyovyote vile, nyuma ya kila namba kulikuwa na mtu aliyetoa hela yake mfukoni na kununua santuri.

Chati ya melini ilikuwa kitu kingine kabisa. Fab 40 ya Radio London, iliyosomwa kila Jumapili kutoka meli ya Galaxy kwenye mita 266, haikuhesabu duka hata moja. Ilipangwa na mkurugenzi wa vipindi, kwanza Ben Toney na baadaye Alan Keen, kwa kubashiri nini kitapendwa wiki zijazo. Ndiyo maana wimbo uliweza kupanda Fab 40, ukafika kileleni na kuanza kushuka, wakati magazeti ndiyo kwanza yanauona. Wapo wanaoiita chati hiyo ya uongo. Siwaungi mkono. Waliokuwa nyuma yake ni Wamarekani wa Texas, nao walitaka redio ya mtindo wa KLIF ya Dallas, ile ya Gordon McLendon: orodha fupi, nyimbo za juu zinarudi haraka, za chini zinarudi polepole, katikati unachomekwa wimbo mpya unaopanda na santuri ya zamani ya kukumbushia, halafu jingle ya kituo, halafu kutajwa kwa saa. Kwa mpango huo chati ndiyo ratiba yenyewe. Namba ya wimbo ndiyo inayoamua utasikika mara ngapi kwa siku.

Ubashiri wao ulipimwa hadharani, tena kila wiki. Aprili 1967 mtayarishaji Denny Cordell aliipelekea Radio London santuri ya majaribio ya bendi ambayo hakuna aliyeijua, apate kusikia jinsi wimbo unavyotoka hewani. Ulikuwa "A Whiter Shade of Pale" wa Procol Harum. Wasikilizaji waliuchangamkia kabla haujafika dukani. Ulitoka rasmi tarehe 12 Mei, na kuanzia Juni ukakaa kileleni mwa chati ya mauzo wiki sita. Kituo kilitumia sikio, duka likathibitisha. Sikio lilipokosea, duka lilikataa, na wimbo ukaondolewa kwenye orodha. Tony Windsor na wenzake waliupiga mpango huo kwa nidhamu ambayo sijaisikia tena.

Sasa turudi kwa Solomon. Huyu bwana wa Belfast hakuwa mgeni kwenye muziki. Alikuwa meneja wa The Bachelors, na Them ya Van Morrison ilipita mikononi mwake. Mwaka 1966 alianzisha lebo yake, Major Minor, wakati huohuo akiwa na sauti ndani ya Caroline. Mtu mwenye lebo alikabidhiwa ufunguo wa orodha ya kituo. Nyimbo za Major Minor zikaanza kujaa hewani, na makampuni mengine yaliyotaka santuri zao zipigwe yakaambiwa yalipie. Na kwa kuwa kwenye redio ya namna hii idadi ya kupigwa na nafasi ya wimbo ni kitu kilekile, anayeuza mara za kupigwa ameuza nafasi, hata asipoigusa karatasi ya chati.

Uamuzi huu ulikuwa mbaya zaidi kwa Caroline kuliko ambavyo ungekuwa kwa kituo kingine chochote. Mwanzilishi wake, Ronan O'Rahilly, alianza habari zote hizi kwa sababu ya mwimbaji Georgie Fame. Alikwenda Radio Luxembourg na santuri ya kijana wake, akakuta saa za jioni zimeshanunuliwa na makampuni makubwa, EMI na Decca, kila moja ikipiga vitu vyake yenyewe. Na ilivyovipiga! Nimeshalalamika kwenye safu hii na nitalalamika tena: ili nyimbo nyingi zienee ndani ya muda uliolipiwa, Luxembourg iliukata wimbo katikati, msikilizaji akabaki bila ubeti wa mwisho. O'Rahilly akatafuta meli yake, akaitia nanga nje ya pwani ya Suffolk, na tarehe 28 Machi 1964 Simon Dee na Chris Moore wakaanza kutangaza. Kituo kilizaliwa ili wimbo wa mtu asiye na fedha upate kusikika. Miaka michache tu baadaye, kituo hichohicho kikawa kinauliza nani amelipa.

Watetezi wa Solomon watasema meli hula dizeli, mabaharia hula chakula, na boti ya kuwapelekea mahitaji haiji bure. Ni kweli. Baada ya sheria ya Uingereza dhidi ya redio za baharini kuanza kutumika usiku wa tarehe 14 Agosti 1967, Mwingereza hakuruhusiwa tena kuweka tangazo, na Caroline ilibaki peke yake ikihudumiwa kutoka Uholanzi. Lakini malipo ya nyimbo yalianza kabla ya sheria hiyo, meli zikiwa bado zinapata matangazo ya sigara na magazeti. Halafu kulikuwa na njia ya wazi. Mhubiri Herbert W. Armstrong alinunua muda kwenye vituo vya baharini kwa kipindi chake cha "The World Tomorrow", na kila msikilizaji alijua ule ni muda wa mhubiri. Hakuna aliyedhani mahubiri yamepanda chati. Solomon angeweza kununua nusu saa ya Major Minor, ikatajwa kwa jina lake, mwenye kutaka kusikiliza akasikiliza. Yeye alitaka nyimbo zake ziketi katikati ya zile zilizochaguliwa kwa sikio, zivae sura yao.

Msikilizeni David McWilliams, muone nani aliyeumia. "The Days of Pearly Spencer" ilitoka vuli ya 1967. Gitaa linaanza peke yake kwa haraka, nyuzi za Mike Leander zinaingia kwa mikwaruzo, kijana wa Ballymena anaimba habari za mtu aliyeishiwa, asiye na pa kulala. Kikifika kiitikio, sauti yake inabadilika ghafla, inakuwa nyembamba kama ya mtu anayeongea kwa simu kutoka mbali, halafu ubeti unaofuata unairudisha karibu yako. Ule ni ufundi. Fab 40, kama ingekuwa bado hewani, ingeuchukua bila senti moja. Badala yake Caroline iliupiga asubuhi, mchana na jioni, Solomon akanunua kurasa kwenye magazeti ya muziki, na BBC haikutaka kuugusa kwa sababu ya jina la aliyekuwa nyuma yake. Ulivuma Ufaransa na Uholanzi. Nyumbani Uingereza haukuingia kwenye chati ya mauzo kabisa. Msikilizaji alishajua kwamba kupigwa sana Caroline hakumaanishi tena kwamba kuna mtu aliyeupenda, na wimbo uliostahili ukazama pamoja na ule usiostahili.

Upo mfano wa kinyume: The Dubliners walifika namba saba mwaka huohuo kwa "Seven Drunken Nights", kwa msaada wa Caroline. Haya, hilo nalitambua.

Ninaowaonea huruma ni madijei Johnnie Walker na Robbie Dale. Hawa walibaki hewani baada ya saa sita ya usiku ule wa Agosti, wakijua wanaweza kushtakiwa wakirudi kwao, wakati wenzao wa Radio London walishafunga saa tisa alasiri na wengi wao wakasikika tena Radio 1 ya BBC ilipofunguliwa tarehe 30 Septemba. Walikaa baharini majira ya baridi kwa ajili ya uhuru wa kuchagua muziki, halafu wakawekewa mezani rundo la santuri za kulazimishwa. Kabla ya hapo Tom Lodge aliwahi kuwaachia madijei wa Caroline wapange saa zao kwa kusikiliza kipi kinaungana na kipi, na saa zile zilikuwa na uhai.

Na fedha zenyewe hazikuokoa kitu. Tarehe 3 Machi 1968 meli zote mbili za Caroline zilivutwa hadi Amsterdam kwa deni la Wijsmuller, kampuni iliyokuwa ikizihudumia.

Mwaka uliofuata lebo ya Fontana waliogopa kelele, wakaiondoa madukani "Je t'aime... moi non plus" ikiwa namba mbili Uingereza. Solomon aliichukua, akaitoa kwa lebo ya Major Minor, na Oktoba 1969 ikawa namba moja. BBC iliipiga marufuku, na Caroline ilikuwa kimya. Watu waliifuata dukani wenyewe.