Shimo Chini ya Ukuta: Kitenzi "undermine" na Wafasiri wa Kiswahili

Mwaka 1215, Mfalme John wa Uingereza aliizingira ngome ya Rochester. Wachimbaji wake walifukua chini ya msingi wa mnara, wakaushikiza kwa nguzo za mbao, kisha wakazitia moto nguzo hizo kwa mafuta ya nguruwe 40. Mbao zilipoteketea, pembe nzima ya mnara iliporomoka.

Kazi ya namna hiyo ndiyo maana ya awali ya kitenzi cha Kiingereza "undermine", kilichoundwa kwa neno la "chini" na la "kuchimba", hili la pili likitoka katika Kifaransa. Baadaye shimo liligeuka sitiari, na mchimbaji akafifia. Leo hata mvua, uchovu au hoja dhaifu huweza kutenda tendo hilo bila ya adui yeyote kuwapo.

Wafasiri wengi hukimbilia "kuhujumu". Neno hili limesafiri kinyume. Katika Kiarabu, hujumu ni shambulio. Kiswahili kikalitia usiri na nia mbaya. Tanzania ikaliongezea uzito wa mahakama: tangu kampeni ya mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na sheria iliyofuata mwaka 1984, uhujumu uchumi ni kosa la jinai. Kwa hiyo, taarifa ya Kiingereza ikitumia "undermine" kuhusu ripoti iliyopunguza imani ya wapiga kura, mfasiri anayeandika kwamba ripoti "imehujumu" imani hiyo amewashtaki waandishi wake.

"Kudhoofisha" ni salama zaidi, lakini hupoteza picha. Kilichodhoofika huonekana kimedhoofika, ilhali ukuta uliochimbwa husimama wima hadi dakika ya mwisho. Picha hiyo Kiswahili kinayo tayari: husemwa fulani anamchimba mwenzake, na methali huonya kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Humo mna shimo, siri na mkono wa mtu. Pasipo mkono, liko "kumomonyoa", kama maji yafanyavyo kwenye kingo za mto.

Basi mfasiri hana budi kuuliza kwanza: yuko mchimbaji? Kiingereza humruhusu mwandishi kulinyamazia swali hilo. "Kuhujumu" hulijibu kwa niaba yake. Kwa msomaji wa Muscat au London apataye habari za nyumbani kupitia tafsiri, jibu hilo ndilo linaloamua iwapo mtu aliyetajwa ni mkosoaji au mhalifu.