Ukili Haungoji Nafasi

Mkeka wa pwani yetu hausukwi ukiwa mzima. Husukwa ukili kwanza, utepe mwembamba wa upana wa vidole viwili au vitatu, na ukili huo ndio hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka upatikane. Nimeupenda ufundi huu kwa sababu aliyeubuni aliyajua maisha ya watu yalivyo.

Kabla ya kusuka huandaliwa majani ya mkindu, yaani ukindu. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kabla haujakunjuka, ukaanikwa juani hadi uwe mweupe. Unaotakiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga. Kisha huchanwa chane nyembamba zinazolingana, zikaloweshwa kidogo zisikatike.

Sasa tazama vidole. Chane ya pembeni hukunjwa, ikapita juu ya moja, chini ya inayofuata, ikaelekea upande wa pili kwa mshazari. Kidole gumba kinabana, cha shahada kinavuta. Chane ikikaribia kuisha, mpya hulazwa juu yake, zikasukwa pamoja hatua chache mpaka mpya ishike. Ncha zinazobaki nje hukatwa baadaye. Ukili unazidi kurefuka, nao huviringwa ukawekwa kando.

Hapo ndipo penye hekima ya kazi hii. Ukili unaweza kuachwa wakati wowote na kushikwa tena wakati wowote. Mama anasuka huku wali ukipaliwa makaa, anasuka akizungumza na jirani barazani, anauweka chini mtoto akilia. Akirudi, unamngoja palepale alipoachia, haukuharibika wala haukumsahau. Hahitaji chumba cha kazi wala siku isiyo na shughuli. Angengoja siku hiyo, nyumba nyingi za Pemba na Unguja zisingekuwa na mkeka.

Piga hesabu. Mkeka wa urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, kwa ukili wa sentimita 5, unataka mistari 20, yaani mita 40 za ukili, na kila sentimita imepita vidoleni. Ukimtajia mtu mita 40 kabla hajaanza, huenda asianze. Msukaji hashiki mita 40. Anashika chane iliyo mkononi.

Wala hangoji mkono wake uwe hodari ndipo asuke. Ukili wa anayejifunza hulegea hapa, hukaza pale, na pembeni hupinda. Kosa likionekana mapema hufumuliwa hatua chache tu. Yaliyosukwa vizuri nyuma yake hayaguswi. Upindaji mdogo hunyoshwa wakati wa kushona, sindano inapovuta pindo mbili zikutane. Na ukili usiofaa mkeka wa wageni utafaa kikapu cha sokoni.

Mikeka hii ndiyo tunayokalia arusini na matangani, na ndiyo tunayosalia. Anayeikuta sokoni akaona bei yake ni kubwa, na aikunjue, afuate mstari mmoja tu wa ukili kwa kidole kutoka ncha hadi ncha, ndipo aseme bei. Na mwenye kazi anayoiahirisha mwaka hadi mwaka kwa kuwa hajapata nafasi nzuri, aianze leo kwa kipande kinachoweza kukatizwa. Nafasi nzuri haijasuka hata mkeka mmoja.