Dhiki, Saburi na Tumaini: Waraka kwa Warumi Unaposomwa Bogoro

Makala haya yanachunguza istilahi tatu za sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, yaani dhiki, saburi na tumaini, kama zilivyotumiwa katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952. Suala la msingi ni hili: je, matini yanafundisha kwamba mateso yenyewe huokoa?

Suala hili si la nadharia tupu. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kusini mwa Bunia, ambacho wakazi wake wengi walikuwa Wahema, kilishambuliwa na wanamgambo wa Kilendu na Kingiti. Raia wengi waliuawa, nyumba zikateketezwa, mali ikaporwa. Mahali kama hapo, mahubiri juu ya faida ya mateso yaweza kuwa faraja, au yakatonesha kidonda.

Tukianza na msamiati, dhiki ni neno lenye asili ya Kiarabu na hubeba dhana ya kubanwa. Hivyo linalingana vema na thlipsis ya Kigiriki. Tatizo limo katika saburi. Msikilizaji aliyelelewa na methali "Subira yavuta heri" huelekea kuusoma waraka kwa miwani ya methali hiyo: atulie, angoje, heri itakuja yenyewe. Lakini hypomone, neno linalofasiriwa hapa, ni kubaki chini ya mzigo bila kuangushwa nao. Huo ni ushupavu, wala si ukimya.

Muundo nao unathibitisha hoja hii. Mfululizo hauanzi na dhiki: unatanguliwa na kuhesabiwa haki kwa imani, na unahitimishwa na pendo la Mungu. Dhiki imewekwa katikati. Si chimbuko la wokovu, bali ni uwanja ambamo tumaini hujaribiwa. Aidha, katika Kigiriki nafsi inayosema ni ya kwanza wingi. Msemaji anazungumzia dhiki iliyo yake pia. Kauli hiyohiyo ikitolewa na asiyeteseka kumwelekea anayeteseka, hugeuka amri.

Katika sura ya 8 watafsiri wanatumia pia neno taraja, ingawa Kigiriki kina neno lilelile, elpis. Uteuzi huo unamficha msomaji uhusiano wa sura hizi mbili. Hata hivyo una manufaa yake: kutumaini ni kuegemea, ilhali kutaraji ni kutazamia kisichoonekana bado. Na sura hiyo imejaa kuugua kwa viumbe vyote. Kumbe taraja halimkatazi mtu kulia.

Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga kwa mchango wake katika shambulio la Bogoro, na mwaka 2017 ikaamuru fidia kwa waathiriwa 297. Sheria iliyatambua mateso yale kuwa dhuluma inayodai malipo. Waraka, ukisomwa kwa makini, haupingani na dai hilo. Kiswahili ndicho kinachozikutanisha jamii nyingi za Ituri, zikiwamo zile zilizopigana. Anayeifasiri saburi kuwa ukimya huwanyima waliofiwa haki yao ya kuomboleza na ya kudai, kisha huliita jambo hilo tumaini.